Uliza Nikujibu: Programu ipi nilipie, ipi niiache?

Mwezi huu barua nyingi zimezungukia jambo moja: pesa zinazotoka kwenye simu na kadi za watu kwenda kwa watengeneza programu. Nimechagua tano. Mimi nahariri video za harusi na sendofu hapa Magomeni tangu 2011, kwa hiyo mengi ninayojibu yametoka mezani pangu.

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 24, nahariri video za harusi huu mwaka wa pili. Laptopu niliuziwa ikiwa tayari na programu ya kuhariri iliyokrakiwa, yaani imevunjwa kufuli itumike bila kulipiwa. Mteja mmoja ameniambia nikilipia programu ya kuhariri video ya DaVinci Resolve Studio kazi yangu itapendeza zaidi. Nimeona ni dola 295, yaani karibu malipo ya harusi mbili. Je, inastahili, au nikae na hii hii? Wenzangu wote wanatumia krak na wanapeta.
*Kijana wa Ngamiani, Tanga*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo krak, maana inanitia hofu kuliko hizo dola.

Mwaka 2016 na mimi nilikuwa nayo. Jumamosi nilipiga harusi Mbagala. Jumapili nikahamishia kila kitu kwenye kompyuta, nikafuta kadi za kamera kwa sababu Ijumaa nilikuwa na sendofu. Jumatano asubuhi nafungua kompyuta, kila faili jina lake limeongezewa mwishoni herufi nne nisizozijua, na kwenye skrini kuna maandishi yananidai nilipe kwa Bitcoin. Diski ya nje niliyowekea nakala ilikuwa imechomekwa usiku kucha, nayo ikaliwa. Fundi aliyekuja kusafisha alinionyesha ulikoingilia ugonjwa: kile kifaili kidogo cha kuamshia programu, ambacho maelekezo yake yalisema uzime antivairasi kwanza. Niliizima mwenyewe, kwa mkono wangu.

Hela yote nilirudisha. Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole sana, hakunifokea. Aliniambia tu, "Binti, pesa tumepokea, lakini sherehe haturudii." Walichobaki nacho ni dakika 11 alizopiga shangazi wa bibi harusi kwa simu, keki inaonekana nusu.

Unasema wenzako wanapeta. Nami nilipeta miaka mitano.

Tangu siku ile, kabla sijaangalia bei ya programu, najiuliza kilichomo ndani yake ni cha nani. Kikiwa changu, nikapoteza, nimepoteza changu. Ikiwa ndani mna harusi ya watu, au msiba wa watu, natumia programu halali, iwe ya kulipia au ya bure. Na wewe una bahati, kwa sababu DaVinci Resolve ina toleo la bure kabisa. Lichukue kwenye tovuti ya Blackmagic Design wenyewe, kampuni ya Australia iliyoinunua DaVinci mwaka 2009. Usilichukue kwa mtu kwenye flashi. Halibandiki nembo juu ya picha yako, halina siku za kuisha, linakata, linapaka rangi, lina sehemu nzima ya sauti, na linatoa video mpaka 4K. Kwa kazi inayokabidhiwa kwa flashi na vipande vya kurusha WhatsApp, linatosha na kubaki.

Sasa hiyo Studio mteja wako anayoisifia. Sifa yake ni ya kweli, ila thamani yake utaiona gizani. Unajua kumbi zetu: taa za bluu na zambarau, MC anaagiza taa kubwa zizimwe bibi harusi anapoingia, nawe unapandisha ISO, wepesi wa kamera kuona gizani, mpaka 6400 ili upate chochote. Ukirudi nyumbani shavu la bibi harusi limejaa chenga, zinacheza juu ya meikapu aliyokalia saa tatu kupambwa. Studio ina kifaa cha kupunguza chenga hizo. Sehemu yake moja inalinganisha fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, na fremu za jirani, nyingine inafanya kazi ndani ya fremu yenyewe. Mimi naanza na ile ya kwanza, naiwekea fremu mbili, naongeza nguvu yake kidogo kidogo huku nimekuza picha kwenye shela. Nyuzi za shela zikianza kuyeyuka na kuwa kama maziwa, nimezidisha, narudi nyuma. Kabla ya hapo nilikuwa nampelekea mwenzangu vipande vya namna hiyo, namlipa 50,000 kila harusi. Studio niliilipia mara moja, mwaka 2019, na mpaka leo matoleo mapya yamekuja bila kudaiwa hata senti.

Lakini wewe usinunue bado. Kazi hiyo ya chenga inaelemea kadi ya picha ya kompyuta, ile GPU iliyo ndani ya mashine. Kama laptopu yako haina kadi ya maana, utabofya kisha ukapike wali, urudi ukute dakika moja ya video haijaisha. Kwanza hamisha kazi zako, mwite fundi apige Windows upya ili hiyo krak iondoke na mizizi yake, weka Resolve ya bure, kisha nunua diski mbili za nje. Moja ikae imechomolewa muda wote ambao hunakili. Kadi za kamera usifute mpaka diski zote mbili ziwe na kazi, na umezifungua ukahakikisha inacheza.

Utakapofika wakati wa Studio, dola 295 ni laki saba na ushee. Ufunguo mmoja, yaani namba ya leseni unayopewa ukilipia, unakubali kompyuta mbili kwa pamoja, kwa hiyo mnaweza kuchanga wawili mnaofanya kazi ofisi moja. Na ukinunua kamera ya Blackmagic Pocket Cinema, ufunguo wa Studio unakuja ndani ya boksi. Ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, muulize muuzaji ufunguo uko wapi kabla hujatoa hela.

SWALI: Habari dada. Sisi ni wawili, tunarekodi podikasti ya Kiswahili kwa sebule ya rafiki. Tunatumia Reaper, programu ya kurekodi na kuhariri sauti. Siku 60 za majaribio zimepita na bado inafunguka, inatukumbusha tu kulipa. Ni dola 60. Kama inafunguka, kuna haja gani?
*Wawili wa Kisumu*

JIBU: Lipeni. Nasema hivyo kwa moyo wote, na mimi niliitumia miezi mitatu kabla ya kulipa, kwa hiyo najua mnachojiambia.

Reaper ni kazi ya Cockos, kampuni ya Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp, programu ya kuchezea muziki, mwaka 1997. Wangeweza kuwafungia siku ya 61, sauti zenu zikiwa ndani, mkalipa kwa hasira. Hawakufanya hivyo. Faili la mradi wa Reaper ni maandishi ya kawaida, unaweza kulifungua hata kwenye Notepad ukasoma kila kipande cha sauti kiko wapi, na sauti zenyewe zimekaa pembeni kama faili za WAV. Mkiichoka kesho mnaondoka na mzigo wenu wote. Programu inayokuachia mlango wazi namna hiyo ndiyo ninayoipa pesa yangu bila kulalamika, na ninawaogopa wale ambao siku ukiacha kulipa, kazi zako zinabaki kwao.

Bei ya dola 60 ni ya mtu binafsi au biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000. Juu ya hapo ni 225. Na leseni inafunika matoleo makubwa mawili: ukinunua leo kwenye toleo la 7, utakwenda nayo mpaka mwisho wa la 8. Mkigawana ni dola 30 kila mmoja. Mkipata mdhamini wa kwanza, hiyo iwe risiti ya kwanza.

SWALI: Dada, kila nikiwasha kompyuta inaniambia muda wa antivairasi umeisha, nilipie mwaka. Nilipie?
*Mzazi, Morogoro*

JIBU: Hapana. Windows 10 na 11 zina ulinzi wake ndani, Defender, na unajiwasha wenyewe ukiiondoa hiyo nyingine. Ila kama bado uko Windows 10, Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hela uliyotaka kuipeleka kwenye antivairasi mpe fundi akuangalizie kama mashine yako inapokea 11.

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Alipakua programu ya kuskani vyeti kwa simu, ikampa siku tatu za bure. Kumbe baada ya hapo inakata 9,900 kila wiki kwenye kadi yake. Tumeifuta mwezi uliopita na bado wanakata! Tufanyeje?
*Binti wa Dodoma*

JIBU: Marahaba, na pole kwa mama. Kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo, kwa sababu makubaliano yako kwenye akaunti. Leo hii, kabla ya kulala: fungua Play Store kwenye simu ya mama, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia sehemu ya malipo na usajili, kisha usajili. Utaikuta imekaa pale. Ghairi, na usitoke mpaka uone imeandikwa tarehe itakapokoma. Kama ni iPhone, ni kwenye mipangilio, unagusa jina lake juu kabisa, halafu usajili.

Kuhusu kurudishiwa: kwa Google, ukiwahi ndani ya saa 48 tangu malipo yafanyike, unaomba kwao moja kwa moja. Kwa hiyo makato ya karibuni yanaweza kuwahiwa. Ya nyuma mwandikieni mtengenezaji, anwani yake iko chini ya ukurasa wa programu yake dukani. Andikeni kwa kifupi, tarehe na kiasi, bila matusi.

Hii bei ya wiki inaniudhi sana. Mtu akiona 9,900 anafikiria soda na chapati za wageni. Zidisha kwa 52: ni 514,800. Mama amekuwa akilipia nusu milioni kwa mwaka kazi ambayo Google Drive kwenye Android inaifanya bure. Fungua Drive, gusa alama ya kamera, elekeza kwenye cheti, inakitoa kama PDF iliyonyooka. Mkalie chini mama, skanini cheti kimoja pamoja, cha pili mwachie askani mwenyewe. Halafu weka mpangilio wa Play Store kudai nenosiri kwa kila ununuzi.

SWALI: Assalamu alaykum dada. Mimi niko Muscat, mama yupo Wete, Pemba. Akaunti yake ya Google imejaa, hata barua pepe haziingii tena. Nimelipia Google One, nafasi ya ziada ya kuhifadhi vitu, ili nigawane naye, lakini mwaliko unakataa. Nimefanya kosa gani? Humo mna picha za marehemu baba, aliyefariki 2020, ndiyo maana naogopa kugusa chochote.
*Mtoto wa Wete*

JIBU: Waalaykumu salaam kaka, Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Kosa si lako. Kundi la familia la Google linataka wote muwe mnaishi nchi moja, na wewe akaunti yako ni ya Oman, ya mama ni ya Tanzania. Ukibadilisha nchi ya akaunti yako kwa ujanja utajisumbua mwenyewe na kadi yako ya benki.

Mtafute ndugu aliyeko Pemba au Unguja, yeye ndiye afungue kundi na kulipia, wewe umtumie hela ya mwaka mzima kwa mpigo. Anaweza kualika watu watano zaidi. Hawataonana picha wala barua: wanagawana nafasi tu, na kila mmoja anabaki na GB 15 zake za bure. Ila jueni mapema kwamba siku mkiacha kulipa, nafasi inarudi ile ile ya zamani, na akaunti ikikaa imezidi kiwango miaka miwili mfululizo, Google inaweza kuanza kufuta.

Kabla hata ya kutuma hela, mwambie huyo ndugu aangalie ni nini kimejaza. Simu nyingi za wazazi ninazoletewa, mkosaji ni WhatsApp. Tangu mwaka 2024 nakala zake za akiba kwenye Android zinahesabiwa ndani ya zile GB 15, na mama akiwa kwenye makundi manane ya mawaidha na harusi, video zote zinapanda juu kila usiku. Aingie WhatsApp, mipangilio, gumzo, nakala ya akiba, azime kipengele cha kujumuisha video, halafu atengeneze nakala mpya. Mara nyingi GB kadhaa zinarudi hapo hapo, na kulipia kunaahirishwa.

Na picha za mzee msiziguse. Zilizopandishwa Google Photos kabla ya tarehe 1 Juni 2021 kwa mpangilio ule wa ubora wa juu hazihesabiwi kwenye nafasi, hivyo kuzifuta hakutawapunguzia hata KB moja. Huyo ndugu akiwa tayari ameshika simu, apakue nakala nzima ya picha hizo, aiweke kwenye flashi mbili. Moja ibaki Wete, nyingine uletewe na wa kwanza atakayesafiri kuja Muscat.