Kuchaji betri ya trekta iliyokaa kiangazi kizima: kwa fundi na dereva anayeanza kazi

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa hiyo matrekta mengi yanayolima Kongwa, Bahi, Chamwino na Mpwapwa hukaa miezi mingi bila kazi ya shambani. Mawingu yanapoanza kukusanyika mwezi wa Novemba, kila mwenye trekta hulikumbuka kwa wakati mmoja na wenzake, na karakana hujaa betri ambazo hazina nguvu hata ya kuwasha taa. Wewe unayeanza kazi utaletewa betri hizo na kuambiwa kwamba zinahitajika kesho alfajiri. Naomba ulishike jambo moja tangu mwanzo: betri iliyokaa muda mrefu bila chaji hairudishwi kwa haraka, na anayeiharakisha ndiye mara nyingi anayeimaliza.

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na matrekta kutoka Ulaya huzungumzia uhifadhi wa majira ya baridi, kwa kuwa huko betri isiyo na chaji inaweza kuganda na kupasuka. Msomaji wa huku huruka ukurasa huo akidhani haumhusu, ingawa hali yetu kwa upande mmoja ni mbaya zaidi. Betri ya risasi na asidi hupoteza chaji yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote, na kasi ya upotevu huo huongezeka takribani maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Trekta lililoegeshwa chini ya bati mwezi wa Oktoba linapoteza chaji yake kwa kasi kubwa, na kama nyaya hazikufunguliwa, saa na vifaa vingine vidogo vinaendelea kunyonya kidogo kidogo. Chaji ikishuka, sahani za risasi hufunikwa na salfeti ya risasi, ambayo mwanzoni ni laini na huyeyuka kirahisi inapochajiwa, lakini ikiachwa kwa miezi hugeuka kuwa fuwele ngumu zinazozuia umeme kupita.

Kabla ya kuunganisha chaja, ifungue betri kwenye trekta ukianza na waya wa hasi, kisha iweke mezani na uitazame vizuri. Kama ubavu umevimba au umepasuka, usiendelee nayo. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji yenye magadi, haya haya yanayotiwa kwenye mlenda, kwa kuwa magadi huua nguvu ya asidi. Hakikisha tu kwamba vifuniko vya seli, yaani vyumba vya ndani ya betri, vimekazwa, maana tone la magadi likiingia ndani litaharibu asidi unayotaka kuihifadhi.

Kisha fungua vifuniko na umulike kila seli kwa tochi. Katika betri zilizokaa juani mara nyingi utakuta maji yameshuka chini ya sahani, na sehemu iliyoachwa wazi imekuwa na rangi ya kijivu inayoelekea weupe. Ongeza maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliopozwa, kwa kiasi cha kufunika sahani tu, na ujaze hadi kwenye alama baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda wakati wa kuchaji na betri iliyojazwa mapema itamwaga asidi juu ya meza. Usitumie maji ya kisima, kwani maji ya ardhini katika sehemu nyingi za mkoa wetu yana chumvi. Usiongeze asidi pia: iliyopungua ni maji, asidi bado imo ndani. Dukani soma chupa kwa makini, maana kuna wauzaji wanaoita vyote viwili maji ya betri.

Sasa pima volti. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 11.9 hesabu kwamba haina kitu. Ikiwa inasoma karibu na 10.5 na haipandi hata baada ya kuchajiwa, ujue kuna uwezekano mkubwa kwamba seli moja imekufa, kwa kuwa kila seli huchangia volti 2 na kidogo.

Kwa kawaida betri huchajiwa kwa ampia zisizozidi sehemu ya kumi ya uwezo wake, yaani ampia 10 kwa betri ya N100 yenye uwezo wa ampia-saa 100. Kwa iliyokufa kabisa mimi hupendelea nusu ya hapo. Ampia 5 kwa betri tupu ya namna hiyo ni kazi ya saa 24 hivi, na mteja aelezwe hivyo anapoileta, si anapokuja kuichukua. Ukiweza, chaji usiku, wakati karakana imepoa. Weka kiganja ubavuni mwa betri kila baada ya muda. Ikiwa joto linakulazimisha kuondoa mkono, zima chaja uiache ipoe, kisha uendelee kwa ampia chache zaidi. Chaja za kisasa zinazojizima zenyewe hukataa betri iliyoshuka mno na kuwasha taa ya hitilafu, na hapo wengi hutoa hukumu kwamba betri ni ya kutupa. Iunganishe sambamba na betri nzima ya volti 12, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, uwashe chaja kwa muda wa nusu saa hivi ukiwa karibu, kisha uondoe betri ya msaada. Mara nyingi chaja itaendelea yenyewe.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Milango iwe wazi, sigara ikae mbali, na vibanio vya chaja vifungwe kabla ya kuwasha umeme na kufunguliwa baada ya kuuzima. Vaa miwani. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Dereva mwenye haraka atakuomba umuunganishie umeme kutoka kwenye Fuso iliyokuja kubeba alizeti. Kataa, kwa kuwa malori hayo hutumia volti 24 na trekta lake ni la volti 12. Hata likiwashwa kwa betri ya gari jingine la volti 12, alternata, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kuichaji betri, haikukusudiwa kufufua betri tupu. Itafanya kazi kwa nguvu na joto kubwa, na jioni betri itakuwa bado haijajaa.

Usiamini volti unayoisoma mara tu baada ya kuondoa chaja. Acha betri ilale usiku mmoja, kisha pima tena, na uchukue haidromita, kifaa cha kupima uzito wa asidi ukilinganishwa na wa maji, upime kila seli: iliyojaa husoma karibu na 1.265, na seli moja ikipishana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, hiyo ndiyo yenye kasoro. Ikipita hapo, irudishe kwenye trekta, waya wa hasi ukiwa wa mwisho, na umwombe mwenzako apige stata huku wewe ukitazama mita. Volti zisishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4, ikibaki 12.5, tatizo liko kwenye alternata, mkanda wake au nyaya, na trekta hilo lisiondoke karakana kabla hujalipata.