Wasomaji Wanauliza: Kuingiza Nyimbo Kwenye Flashi ni Kutangaza au Kuiba?

SWALI: Mhariri, salaam. Nina kibanda karibu na soko la Mbuyuni hapa Moshi, ambako kwa miaka sita nimekuwa nikiwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Wateja wangu wakubwa ni madereva wa daladala na bodaboda, ambao huniletea flashi tupu wakasema tu, "nijazie za injili." Mwezi uliopita mzee mmoja wa kwaya aliniita mwizi mbele ya wateja. Mimi siuzi nyimbo. Nauza kazi yangu ya kuingiza, na kwaya hizo zinajulikana kwa sababu yetu. Je, nina kosa? (Mwenye kibanda, Moshi)

JIBU: Ndugu yangu wa Mbuyuni, umeuliza kwa nia njema na unastahili jibu lisilozunguka. Ndiyo, unalo kosa, ingawa neno alilolitumia mzee yule mbele ya wateja wako lingeweza kusubiri mkae faragha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi peke yake haki ya kuruhusu kazi yake inakiliwe na kusambazwa, na ulinzi huo unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Jina la sheria lenyewe linataja haki za aina mbili. Hakimiliki ni ya aliyetunga maneno na sauti. Hakishiriki ni ya walioimba, waliopiga vyombo na aliyegharimia kurekodi. Kwa hiyo wimbo mmoja unaouhamisha kwa sekunde chache una watu kadhaa nyuma yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekupa ruhusa. Sheria hiyohiyo inamwachia mtu nafasi ya kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa matumizi yake binafsi, lakini nafasi hiyo haimfikii anayenakili kwa ajili ya wateja na kupokea fedha.

Hoja yako kwamba unauza kazi ya kuingiza, wala si nyimbo, imewahi kupimwa mahakamani kwa sura inayofanana nayo. Mwaka 1999 huko Marekani ilianzishwa huduma ya intaneti iliyoitwa Napster, ambayo iliwawezesha watu kupeana nyimbo moja kwa moja kutoka kompyuta hadi kompyuta. Kampuni hiyo haikuhifadhi nyimbo kwenye mitambo yake, wala haikuwatoza watumiaji, na ilijitetea kwamba inawakutanisha watu tu. Mwaka 2001 mahakama ya rufani iliukataa utetezi huo, kwa kuwa kampuni ilijua kinachopita katika huduma yake, ilikuwa na uwezo wa kukizuia na ilinufaika kwa wingi wa watumiaji. Hukumu ya Marekani haiifungi mahakama ya Moshi, lakini ipime mwenyewe: wewe nyimbo unazo kwenye kompyuta yako, unazichagua kwa mkono wako na unalipwa papo hapo.

Limebaki hilo la kutangaza, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Nimewahi kukaa sebuleni kwa katibu wa kwaya moja ya vijiji vya juu, upande wa Marangu, naye akavuta kutoka chini ya kitanda maboksi mawili ya CD zilizokuwa bado zimefungwa kwa nailoni. Kisha akafungua daftari la michango ya kurekodi. Mbele ya kila jina palikuwa na kiasi, na mbele ya jina la mama mmoja paliandikwa "mkungu wa ndizi," kwa sababu hakuwa na fedha taslimu, na mkungu wake uliuzwa sokoni ili ahesabiwe naye. Siku walipozileta CD hizo kijijini, nyimbo zilikuwa zimekwisha kusikika stendi ya Moshi kwa wiki nzima. Kwaya hiyo ilijulikana kweli, lakini mama yule hakurudishiwa hata bei ya ndizi zake.

Yupo msanii wa Arusha au Dar es Salaam anayetoa wimbo bure kwa hiari yake, akijua kwamba umaarufu utamletea mialiko ya kutumbuiza. Hesabu hiyo ni yake, kwa kuwa hasara na faida yake ataibeba yeye. Kwaya ya kijijini huimba misibani na ibadani bila malipo, hivyo tegemeo lake ni mauzo ya kazi iliyorekodiwa. Wewe umewafanyia hesabu hiyo bila kuwauliza.

Sitakuficha kwamba wasambazaji nao wamechangia kutufikisha hapa. Kwa miaka mingi msanii alilipwa fedha za mara moja, na nakala ngapi zilitoka hakuambiwa. Hata stempu za kodi za TRA zilipoanza kubandikwa kwenye kazi za muziki mwaka 2013, lengo mojawapo lilikuwa kuwezesha nakala kuhesabiwa. Maovu hayo hayakupi haki, ila yanakupa nafasi. Wateja unao na kompyuta unayo. Mtafute mzee yule, mwombe radhi, kisha mwandikiane makubaliano ya kuuza kazi za kwaya yake kwa kamisheni, kila flashi ikiandikwa daftarini. Nyimbo nyingine usizo na ruhusa nazo zifute, na kwa maelezo ya vibali uliza Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

SWALI: Nimesikia kwamba vifaa vya kunakilia vina tozo ya hakimiliki. Kama nimeilipa nikinunua flashi, si nimekwisha kuwalipa wasanii? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

JIBU: Tozo hiyo ipo, ilianzishwa mwaka 2023 kwa kiwango cha asilimia 1.5. Inafidia unakili wa majumbani usioweza kufuatiliwa. Haikupi kibali cha kuuza nakala, wala cha kuzirusha kwenye makundi ya WhatsApp yenye mamia ya watu.

SWALI: Wimbo wangu sijausajili popote. Je, una ulinzi? (Mtunzi, Kiboriloni)

JIBU: Unao, tangu ulipoutunga. Usajili haukupi haki, bali hukurahisishia kuithibitisha siku mtu mwingine atakapodai kwamba wimbo ni wake. Kwa hiyo hifadhi rasimu ya kwanza ya maneno, sauti uliyojirekodi kwa simu na risiti ya studio, kisha uende ukausajili kabla hujaupeleka redioni.