Maswali Yenu: Vipuri Vipya kwa Taipureta za Umeme za Zamani

Tangu tulipogusia mafundi wanaotengeneza upya vipuri vya taipureta za umeme ambavyo viwanda viliacha kuvitoa, barua zenu hazijakoma. Tumechagua chache zinazowahusu wengi na kuzifupisha.

SWALI: Nimerithi IBM Selectric II iliyokaa stoo kwa miaka mingi. Nikiiwasha, mota inanguruma vizuri na mkanda unazunguka, lakini nikibonyeza herufi hakuna kinachotokea. Rafiki yangu anasema kitovu cha plastiki kimepasuka, na kwamba vipya vilivyochapwa kwa printa ya 3D vinauzwa. Je, ninunue?

JIBU: Huenda rafiki yako amesema kweli, ila usilipe kitu kabla hujafungua kifuniko. Selectric, iliyoingia sokoni Julai 1961 na kufuatiwa na Selectric II mwaka 1971, ina mota moja tu inayofanya kila kazi: kuchapa herufi, kusogeza nafasi, kurudisha kibebeo (sehemu inayosafiri na herufi mbele ya karatasi) mwanzo wa mstari. Nguvu ya mota hiyo hupita kwenye mkanda wenye meno hadi kwenye puli iliyo katikati ya mashine, na kutoka hapo hugawanyika kwenda kwenye shafti mbili. Shafti ya kulia huzunguka muda wote mashine inapokuwa imewashwa. Ya kushoto husubiri klachi iachiwe, ikazunguka kiasi cha herufi moja, kisha ikasimama tena.

Kitovu cha puli hiyo ni cha plastiki, nacho kimeshika chuma. Miaka inavyopita plastiki hukakamaa na kutaka kusinyaa, lakini chuma kilicho ndani yake hakimpishi mtu, na mwisho wake ni ufa. Mara nyingi ufa huo ni mwembamba kama unywele na umezibwa na mafuta meusi, kiasi kwamba utaupata kwa ukucha kabla ya kuuona kwa jicho.

Tatizo ni kwamba grisi iliyoganda huleta dalili zinazofanana kabisa na hizo. Chini ya kibodi kuna vijiti vingi vyembamba ambavyo sharti viteleze bila kipingamizi. Grisi ya zamani ikigeuka gundi, kibonye kitashuka lakini klachi haitaachiwa. Kwa hiyo washa mashine ikiwa wazi, weka vidole, nywele na mikono ya shati mbali, uitazame ile shafti ya kulia. Ikiwa mkanda unazunguka na shafti imetulia, au inazunguka kwa kusitasita, kitovu kimepasuka. Ikiwa inazunguka sawasawa, weka pesa yako mfukoni uchukue brashi.

Hata kama ufa upo, usafishaji ndio utangulie. Ukifunga kitovu kipya kwenye mashine iliyokwama kwa grisi, unakipa kipuri hicho kazi ya kusukuma kitu kisichotaka kusukumwa, nacho kitaanza kuumia siku ya kwanza. Chomoa waya kwenye umeme, fungua madirisha, safisha kwa brashi ndogo na mafuta ya taa kidogo kidogo, halafu subiri hadi yakauke yote na harufu iishe kabla ya kurudisha umeme. Usitumie asetoni, kwa kuwa hula plastiki na rangi. Baadaye tia mafuta mepesi ya mashine, tone moja pale vyuma vinaposuguana na grisi kidogo kwenye meno ya gia. Yale mafuta ya kopo ya kupulizia, ambayo kila nyumba inayo, hulegeza vitu kwa wiki chache kisha huacha utando unaoshika vumbi. Sipendi kuyaona ndani ya taipureta.

Sasa tuje kwenye kipuri chenyewe. Muulize muuzaji kimetengenezwa kwa plastiki gani. PLA, ambayo ndiyo plastiki rahisi zaidi kuchapa, huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, nayo hata kabla ya kufikia joto hilo hulegea polepole inapobanwa muda wote. Karibu na mota hapaifai. Naironi ni bora, na bora zaidi ni kitovu kilichokerezwa kutoka kwenye kipande kizima cha asetali (plastiki ngumu ya viwandani) au alumini, kwa sababu hakina matabaka. Kilichochapwa hujengwa tabaka juu ya tabaka, nacho hupenda kuachana palepale tabaka zinapokutana. Kwa hiyo mwelekeo wa uchapaji una uzito sawa na aina ya plastiki.

Ukiamua kukichonga au kumpelekea mkereza vyuma, usichukue vipimo kwenye kitovu kilichopasuka. Kimeshafunguka, na tundu lake sasa ni kubwa kuliko lilivyokuwa lilipotoka kiwandani. Pima shafti kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene), sehemu tatu au nne tofauti, na uagize tundu linaloingia kwa kuteleza shwari bila kugongwa kwa nyundo. Kukaza kupita kiasi ndiko kulikokiua kile cha kwanza. Jiandae pia kisaikolojia: kukifikia kitovu kunahitaji kutoa shafti na vitu vingi vilivyoizunguka, kwa hiyo piga picha kila hatua na uweke skrubu kwenye vikopo vyenye alama.

SWALI: Kwa nini tusitengeneze kila kipuri kwa chuma tumalize kazi? Naona plastiki ndiyo iliyotuponza.

JIBU: Si kila mahali. Katika baadhi ya taipureta, gia ya plastiki iliwekwa makusudi ili ivunjike yenyewe karatasi inapokwama au kibebeo kinapozuiwa, na kuziokoa sehemu ambazo ni ngumu zaidi kubadilisha. Ukiweka gia ya chuma hapo, ajali ileile itapinda shafti. Chuma juu ya chuma hupiga kelele zaidi, huhitaji mafuta zaidi, na kile kigumu hukila kile laini. Kabla ya kuimarisha kipuri, chunguza kilivunjikaje: kama kimepasuka kwa uzee, badili aina ya malighafi, kama kimevunjika meno kwa kugongwa, tafuta kilichokigonga.

SWALI: Tufe la herufi la Selectric yangu lina jino moja lililovunjika upande wa chini, na sasa baadhi ya herufi hutoka zimepinda. Nimesikia kwamba watu huchapa matufe mapya kwa printa za resini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Je, yanafaa kwa kazi ya kila siku?

JIBU: Yanafaa kwa kucheza na kwa barua fupi, lakini kwa kazi ya kila siku bado ningetafuta tufe la asili. Tufe la Selectric ya kwanza na ya pili limebeba herufi na alama 88 katika safu nne: nusu moja ya tufe ni herufi ndogo, nusu ya pili ni kubwa, na kibonye cha herufi kubwa kazi yake ni kuligeuza nusu duara. Kila unapobonyeza, tufe huinama kufikia safu yake, huzunguka kufikia herufi yake, kisha kikabari kidogo cha chuma huingia katikati ya meno ya chini na kulishika lisitikisike wakati linapogonga karatasi. Hayo meno ndiyo yanayosahihisha makosa madogo ya mwendo wote uliotangulia. Likikosekana jino moja, herufi zote zinazolitegemea hukosa mtu wa kuzinyoosha, na ndiyo maana unaona baadhi tu zimepinda.

Matufe ya asili ni ya plastiki iliyofunikwa utando mwembamba wa nikeli. Resini ya kawaida ya printa inaweza kutoa herufi safi ajabu, lakini hukatika kwa ukavu wake, na meno ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Ukitaka kujaribu, omba resini ngumu inayostahimili mapigo, na baada ya kulichapa lioshe na kulianika kwenye mwanga wa urujuanimno (UV) kama mtengenezaji wa resini anavyoelekeza, kwani lisipoiva vizuri litaendelea kubadilika umbo. Kisha weka mpini wa nguvu ya kugonga, ulio juu ya kibebeo na wenye namba 1 hadi 5, kwenye namba ya chini. Uzuri wa tufe la kujichapia hauko kwenye uimara wake. Uko kwenye uhuru wa kuchagua mwandiko ambao kiwanda hakikuwahi kuutoa, au kuweka alama ambazo lugha yako inazihitaji na tufe la ofisini halina.

Angalizo kwa anayenunua: tufe la Selectric III, ya mwaka 1980, lina herufi 96 na halibadilishani na haya ya 88. Wauzaji wengi hawasemi, pengine kwa sababu hawajui.

SWALI: Rola inayobeba karatasi imekuwa ngumu kama jiwe. Herufi ya "o" inatoboa karatasi. Naweza kuikwangua kwa msasa ikalainika?

JIBU: Msasa huondoa ngozi inayong'aa na kurudisha mshiko wa karatasi, lakini hauwezi kurudisha ulaini, kwa maana mpira umekauka hadi ndani. Dawa ya kudumu ni kuivua rola mpira wote na kuivisha mpya, kazi inayofanywa na karakana zinazovisha rola za mashine za uchapaji. Wapelekee vipimo vya kipenyo cha asili na uwasisitizie wasivizidishe wala kuvipunguza: rola ikinenepa, nafasi kati ya mistari hubadilika na herufi huifikia karatasi mapema kuliko zilivyopangiwa. Pima kwenye ncha, ambako karatasi haikuisugua.

Kwa muda, weka karatasi ya pili nyuma ya ile unayoichapa. Ni ujanja wa makarani wa zamani, na hauharibu chochote. Wapo pia wanaokereza mpira wa zamani milimita moja hivi na kuuvisha bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto. Hushika karatasi vizuri, lakini sauti ya kugonga hubaki kali.

Ukiwa hapo, gusa virola vidogo vilivyo chini ya rola kubwa. Hivi havigeuki mawe tu. Vingine huyeyuka vikawa lami, na ukiviacha vitaichafua rola yako mpya wiki hiyohiyo. Ni vipuri rahisi sana kutengeneza: bomba la mpira la kipenyo sahihi, wembe mkali na uvumilivu.

SWALI: Mashine yangu imeandikwa volti 115, hezi 60. Umeme wangu ni volti 230, hezi 50. Je, transfoma inatosha?

JIBU: Transfoma inatibu volti, haigusi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota za mashine hizi hufuata hezi za umeme, hivyo yako itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi ya lililokusudiwa. Mashine itachapa, na mwandishi wa kawaida hatahisi tofauti kubwa kwenye vidole. Tafuta transfoma yenye uwezo usiopungua mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine, kwa kuwa mota huvuta umeme mwingi inapoanza, na uizime mashine unapokwenda kunywa chai badala ya kuiacha inanguruma. Mota ikiwa ina kapasita ya zamani, ibadilishe sasa kwa yenye thamani ileile ya mikrofaradi na volti zisizopungua za mwanzo, kazi hiyo ifanywe na fundi umeme.

Wapo wanaorudisha mwendo wa asili kwa kuagiza puli mpya ya mota yenye meno mengi zaidi, kwa uwiano wa 6 kwa 5. Hesabu yake ni sahihi. Hata hivyo, puli kubwa huiongezea mzigo mota ambayo tayari inapata joto, na huenda mkanda ukahitaji kusogezewa mota ili usikaze mno. Mimi ningeanza na transfoma peke yake, nichape kurasa kadhaa, kisha nizime, nichomoe waya na kugusa mota kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa mkono unaweza kukaa hapo bila kuungua, hakuna haja ya puli.