Kabla hujachukua simu ya kulipia kila siku, zidisha

"Mama, ni elfu mbili na mia tano tu kwa siku. Bei ya rolex moja," yaani chapati iliyoviringishwa na mayai. Kijana mmoja aliyevaa fulana ya kampuni yake aliniambia hivyo Agosti 2023, amesimama mlangoni mwa kibanda changu cha kushona hapa Kansanga, Kampala, nami nina pini mdomoni. Simu yangu ya zamani ilikuwa imepasuka kioo, na kila gomesi, lile gauni la sherehe la Kiganda, niliyoipiga picha ilitoka na mstari katikati kama nguo iliyochanika. Wateja wa siku hizi hawaji na mfano wa nguo mkononi. Wanakutumia picha kwa WhatsApp usiku wa manane: nishonee kama hii, lakini mabega yasichongoke sana. Nikajiambia rolex naweza kuiacha. Nikakubali kuilipia mwaka mzima, nikatoa kianzio cha shilingi 150,000, nikapigwa picha na kitambulisho changu cha taifa, na kabla jua halijazama nilikuwa na simu mpya.

Hesabu niliifanya miezi saba baadaye, tena kwa hasira. Elfu mbili na mia tano mara siku 365 ni 912,500. Ongeza kianzio, unapata 1,062,500. Simu ileile, kwenye maduka ya mjini, ilikuwa inauzwa taslimu 620,000. Nililipa 442,500 zaidi kwa sababu tu sikuwa na pesa yote siku moja. Kwa pesa hiyo ningekuwa nimeanza kulipia ovaloki, mashine ya kumalizia pindo, badala ya kila wiki kubeba nguo kwa jirani nikamlipe anizungushie pindo.

Cha ajabu ni kwamba hapa Uganda somo hili tulishapewa na serikali yenyewe. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza ile kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter. Walioitetea walikuwa wakisema mia mbili ni nini. Mia mbili kwa mwaka ni 73,000, na kuna watu wanalipia ada za mtoto kwa pesa kama hiyo. Tulipiga kelele, wengine wakakimbilia VPN, programu ya kuikwepa, hadi Julai 2021 kodi ile ikaondolewa na mahali pake pakawekwa asilimia 12 kwenye bando, ambayo imejificha ndani ya bei na hakuna anayeiona. Mimi niliyepigia kelele mia mbili ndiye niliyekubali elfu mbili na mia tano bila kutoa kikokotoo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo tu: mtu akikutajia bei ya siku, zidisha papo hapo, mbele yake, na umwonyeshe jibu. Uso wake utakwambia mengi.

Lakini si hesabu iliyoniumiza zaidi. Kilichoniumiza ni kalenda. Mkopo wa namna hii unahesabu Jumapili, unahesabu siku mtoto anaumwa, unahesabu siku mvua imekata watu wote barabarani. Cherehani yangu haifanyi kazi hivyo. Mwezi wa Desemba nashona hadi vidole vinakufa ganzi, kwanjula (sherehe ya utambulisho ukweni) juu ya kwanjula, harusi juu ya harusi. Ikiingia Kwaresima, Wakatoliki hawafungi ndoa, nami nabaki na kutia viraka sare za shule. Kipato changu kinakuja kwa mafungu, deni langu linakuja kila asubuhi. Ukiwa fundi, mkulima, mpiga picha, mpishi wa sherehe, yaani mtu yeyote ambaye pesa yake ina msimu, usiangalie kama unaweza kulipa leo. Angalia mwezi wako mbaya kuliko yote mwaka jana, uulize kama mwezi ule ungeweza.

Mwezi wangu mbaya ulikuwa Machi 2024. Nilikuwa nimepata kazi moja nzuri: gomesi sita za wasindikizaji wa bibi arusi, sherehe Jumamosi. Pesa yote niliyokuwa nayo niliinunulia vitambaa na vikoyi vya kuvaa ndani, nikaacha siku tatu za simu zipite. Alhamisi jioni simu ikajifunga, maana simu ya mkopo ina programu inayoifunga usipolipa. Ikatokea karatasi nyekundu kioo kizima, imeandikwa deni langu kwa herufi kubwa, na hakuna ninachoweza kubonyeza isipokuwa namba ya dharura. Vipimo vya wale dada wanne kati ya sita vilikuwa humo ndani, wamenitumia kwa sauti kwenye WhatsApp. Namba zao za simu pia zilikuwa humo, nimezihifadhi kwenye simu, si kwenye laini.

Nikaazima katochi, yaani simu ndogo ya vitufe, ya muuza mkaa, nikatia laini yangu, nikalipa 7,500 kwa mobile money. Pesa ilitoka saa moja usiku. Simu haikufunguka. Namba ya huduma kwa wateja ilinipigia muziki mpaka salio langu likakaribia kuisha. Ilifunguka Ijumaa saa saba mchana, bila maelezo, wakati mimi nimeshakata vitambaa viwili kwa makadirio ya macho. Moja ilikaa vizuri. Ya pili ilimbana dada wa watu kifuani hadi akashindwa kupiga magoti kusalimia wakwe. Niliirudia kwa gharama yangu.

Aibu ni kwamba nilikuwa nimeshaonywa. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima karibu siku tano, na picha na vipimo vyote vikakwama hewani. Nilinunua daftari wiki ileile, nikaapa. Nadhani nililitumia hadi Pasaka. Sasa ninalo jingine, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili wanangu wasilichukue kuchorea, na mteja akituma vipimo kwa sauti ninaviandika kabla sijamjibu. Namba zake naziandika hapohapo pembeni. Nakuomba ufanye hivyo hata kama simu yako umeinunua taslimu, maana simu inaibwa pia, na inatumbukia kwenye ndoo ya maji pia.

Na kuhusu laini: laini ni yako, mkopo hauigusi. Wengi simu ikifungwa wanadhani na pesa yao ya mobile money imefungwa. Hapana. Toa laini, iweke kwenye katochi yoyote, piga *165# kama uko MTN au *185# kama uko Airtel, na pesa yako utaikuta. Nilinunua katochi yangu mwenyewe baada ya hapo. Nayo ina tochi, umeme ukikatika naendelea kutunga uzi.

Sasa niwape la mama mkwe. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika mtu wa karibu. Mimi nikaandika namba ya mama mkwe wangu aliyeko Busia, kwa sababu ndiyo pekee niliyoikumbuka kichwani. Sikuuliza ya nini. Jumamosi ileile, niko kwenye sherehe ya watu nikishikiza vifungo, ananipigia: "Mwanangu, kuna kijana hapa anasema umekimbia na simu yake. Mume wako anajua?" Nilieleza kwa muda mrefu. Nafikiri hadi leo hajaniamini kabisa, na kila nikienda kumwamkia anaiangalia simu yangu kabla hajaniangalia mimi. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa za watu, na deni langu ni taarifa yangu. Uliza kabla hujaweka sahihi: huyu mtu mtampigia lini, mtamwambia nini? Na namba utakayoiandika, mwombe mwenyewe ruhusa kwanza.

Mkataba nao ulikuwa wa Kiingereza. Kijana alinifafanulia kwa Kiganda, nami nikamjibu kwa Kiswahili, sote watatu tukiwa na hakika tumeelewana, mimi, yeye na karatasi. Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini sijawahi kuona mkataba wa deni wa Kiswahili katika mji huu, hata huku Kansanga na Kabalagala ambako Wakongo, Wakenya na sisi wa mpakani tumejaa. Peleka nyumbani karatasi hiyo, mtoto wa sekondari akusomee. Wakikukatalia kuondoka nayo, basi umeshapata jibu.

Sisemi usichukue kabisa. Mpwa wangu anapeleka vifurushi kwa pikipiki, naye alichukua simu ya aina hiyohiyo na hajutii. Kwake simu ndiyo kazi: bila ramani na bila oda hakuna safari, na pesa yake inaingia kila siku kama deni linavyotoka kila siku. Mkopo wake na kipato chake vinatembea mwendo mmoja. Vyangu havikutembea pamoja. Mimi ningengoja miezi michache kwenye nigiina yetu, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu. Tuko wanawake kumi na wawili, elfu kumi kila mtu kwa wiki, na anayepokea anatoka na 120,000 mkononi. Zamu mbili pamoja na akiba ndogo zingetosha simu nzuri iliyotumika, huku nikivumilia ule mstari kwenye picha.

Tena ukienda kwenye hizo zilizotumika, kuwa macho, kwa kuwa simu za mkopo zinauzwa pia. Mtu akishindwa kulipa anamuuzia mwingine kwa bei ya kutupa siku ambayo bado iko wazi, na wewe unaamka kesho umekuta ile karatasi nyekundu ya deni la mtu usiyemjua. Kuifuta simu hakusaidii, kwa sababu programu ya kufunga imewekwa chini kabisa na inarudi simu ikipata intaneti. Hilo ndilo litakalokusaidia kuitambua: mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, muiunganishe na intaneti, mkae nayo hapo mpaka soda iishe. Piga *#06# ulinganishe namba inayotokea na ile ya kwenye boksi na kwenye risiti. Asiye na boksi wala risiti na ana haraka, mwache aende na haraka yake.

Mimi deni langu nilimaliza Novemba 2024, miezi mitatu nje ya mwaka kwa sababu siku nilizoruka zilisogezwa mbele. Nikapata ujumbe wa pongezi wenye vidoti vya rangi rangi. Siku mbili baadaye simu ikajifunga tena, inadai sifuri. Nilipanda teksi hadi ofisini kwao mjini na ujumbe wa pongezi ukiwa umefungiwa ndani ya simu ambayo siwezi kuifungua. Bahati nzuri risiti za mobile money zilikuja kwenye laini, na laini ilikuwa kwenye katochi. Msichana wa mapokezi alizisoma, akabonyeza bonyeza kwenye kompyuta yake, simu ikafunguka. Nikamwambia sitoki hapa mpaka uiondoe kabisa hiyo programu na nione kwa macho yangu. Ilichukua dakika nne.