Umeme wa mwilini upo, bangili ndiyo utapeli: jibu kwa mleta mada

Wakuu, nimeusoma uzi tangu juu. Mleta mada ameuziwa bangili ya sumaku Kariakoo. Muuzaji alimwambia kwamba mwili unaendeshwa na umeme, kwamba uchovu wake umetokana na chaji kupungua, na kwamba bangili itairudisha. Wadau wawili wamemjibu kuwa habari nzima ya umeme mwilini ni uongo wa matapeli. Hapo ndipo nimeona lazima niandike, maana bangili ni utapeli kweli, lakini umeme upo. Kazi yangu ni kupima ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, katika hospitali moja hapa Dar. Umeme huo nauona ukichorwa kwenye karatasi kila nikiingia zamu.

Umeme wa nyumbani ni elektroni zinazopita kwenye waya wa shaba, kwa volti 230. Wa mwilini ni chembe za chumvi zenye chaji, yaani sodiamu, potasiamu, kalsiamu na kloraidi, zinazopenya kwenye vijitundu vya utando wa seli. Seli ya msuli ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kwa karibu milivolti 90 ukilinganisha na nje. Hali hiyo inalindwa na pampu ndogo iliyomo kwenye utando: kila mzunguko inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, na gharama yake ni molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nguvu ya seli, ambayo seli huitengeneza kutokana na chakula. Aliyeigundua pampu hiyo mwaka 1957 ni Jens Christian Skou wa Denmark, na mwaka 1997 akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa hiyo mwili haupokei umeme kutoka nje. Kila seli inautengeneza wa kwake, saa 24, usingizini na machoni. Na kwa nini tukishikana mikono hatupigani shoti? Kwa sababu umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi umebaki milivolti moja hivi. Bila mashine ya kuukuza huuoni.

Tuanze na misuli. Ubongo ukiamua unyanyue ndoo, amri inateremka kwenye neva, na mwisho wa neva inamwagwa kemikali iitwayo asetilikolini. Hiyo inafungua njia za sodiamu, umeme unaenea juu ya msuli na kuzama ndani yake, kalsiamu iliyohifadhiwa humo inaachiwa, na nyuzi za protini ziitwazo aktini na miosini zinaanza kuvutana. Kazi ya umeme inaishia kwenye kuiachia kalsiamu. Kuvuta kwenyewe kunafanywa na ATP, na hata kuachia kunahitaji ATP. Ndiyo maana maiti hukakamaa: ATP imekwisha, nyuzi zimeshikana, hakuna cha kuziachanisha. Waosha maiti wanalijua hilo, ndiyo maana huwahi kunyoosha viungo mapema.

Hapohapo ndipo lilipo jibu la aliyeuliza kwa nini umeme "unavuta" mtu. Umeme hauvuti. Wa nyumbani una mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko unaiamrisha misuli ya mkono ikaze kabla haijapata nafasi ya kulegea. Misuli ya kufumba kiganja ina nguvu kuliko ya kufumbua, basi aliyeshika waya anazidi kuukamata. Kuanzia miliampea 10 hivi wengi hawawezi tena kuachia. Ukipita kifuani, karibu miliampea 100 zinatosha kuuvuruga moyo, ukabaki unatetemeka badala ya kusukuma damu. Kwa hiyo ukimkuta mtu amenaswa, usimshike. Zima swichi kubwa kwanza.

Sasa moyo, na hapa naomba nimrekebishe mdau aliyeandika kwamba ubongo ndio unaoamrisha kila pigo. Sivyo. Moyo una chanzo chake cha umeme, kifundo kidogo kilicho juu ya chumba cha juu cha kulia. Kilielezwa mwaka 1907 na Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza. Kifundo hicho hujipiga chenyewe, kwa kawaida mara 60 hadi 100 kwa dakika. Umeme unashuka hadi kifundo cha pili katikati ya moyo, alichokieleza Sunao Tawara wa Japani mwaka 1906. Hapo unacheleweshwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, ndipo unaachiwa kuelekea vyumba vya chini. Neva za ubongo zinaongeza au kupunguza kasi tu. Moyo uliopandikizwa umekatwa neva zake zote na bado unadunda.

Kipimo chenyewe kinafanyika hivi. Mgonjwa analala chali, kifua wazi. Kibanio chekundu mkono wa kulia, cha njano wa kushoto, cha kijani mguu wa kushoto, cheusi wa kulia, na vingine 6 kifuani. Kwa joto letu la Dar kazi kubwa ni jasho. Lazima nifute ngozi vizuri, la sivyo vibandiko vinateleza na mstari unapanda na kushuka ovyo. Halafu mtu aliyetoka juani ukimlaza chini ya kiyoyozi anaanza kutetemeka, na karatasi inajaa vimistari vidogovidogo visivyo na mpango. Ule si ugonjwa. Ni umeme wa misuli ya mikono na kifua umeingia kwenye kipimo cha moyo. Namfunika shuka, namwambia alegeze mabega, mstari unatulia. Kuna na ukungu wa aina nyingine, ulio sawasawa kabisa, mizunguko 50 kwa sekunde: huo unatoka ukutani. Nachomoa chaja ya simu iliyo karibu na kitanda, nasogeza feni, unaondoka. Kwa hiyo anayesema umeme wa mwili ni hadithi aje aone aina tatu za umeme kwenye karatasi moja, na kila mmoja unajulikana ulikotoka.

Willem Einthoven, aliyeanzisha kipimo hiki kule Leiden, Uholanzi, na kupata Nobel mwaka 1924, hakuwa na vibandiko. Mgonjwa alitumbukiza mikono yote miwili na mguu mmoja kwenye vyombo vya maji ya chumvi.

Na chumvi za mwilini, hasa potasiamu, ndizo ninazoomba mzichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika. Aliwahi kuletwa kwetu mgonjwa wa figo, analalamika miguu haina nguvu. Nilipompima, mawimbi ya T, yaani vilima vinavyochorwa moyo ukijiandaa kwa pigo linalofuata, yalikuwa yamerefuka na kuchongoka karibu kila mahali. Sikusubiri karatasi ipangwe kwenye faili, nilikwenda nayo mkononi kwa daktari. Potasiamu ilikuwa imepanda mno. Kawaida yake kwenye damu ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ndugu zake walieleza kwamba kwa kumwonea huruma na joto walikuwa wakimpa madafu kila siku, wakiamini yanasafisha figo. Dafu lina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Potasiamu ya nje ya seli ikizidi, ile tofauti ya milivolti 90 inapungua, njia za sodiamu zinashindwa kujiandaa upya, misuli inalegea na moyo unaweza kusimama. Alichomwa kalsiamu kwenye mshipa kuulinda moyo, kisha insulini pamoja na glukosi ili potasiamu irudi ndani ya seli, na akapelekwa kusafishwa damu. Alipona. Mwenye figo nzima anywe madafu yake bila hofu. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza, na ndizi vilevile.

Tumalizie nguvu, maana ndiyo hoja aliyoitumia muuzaji wa bangili. ATP nyingi inatengenezwa ndani ya mitokondria, yaani vijiwanda vya nguvu vilivyomo ndani ya seli, na Mwingereza Peter Mitchell alieleza mwaka 1961 kwamba umeme unahusika hata huko. Wenzake wengi walimkatalia kwa miaka. Nobel aliipata 1978. Elektroni kutoka kwenye chakula hupitishwa hatua kwa hatua hadi kwenye oksijeni, na nguvu yake husukuma protoni, yaani chembe za hidrojeni zenye chaji chanya, upande mmoja wa utando wa mitokondria. Protoni zinarundikana kama maji nyuma ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, na zikirudi zinapita kwenye protini inayozunguka kweli, na mzunguko wake ndio unaounganisha ATP. Utando huo una milivolti kama 150 tu, lakini ni mwembamba kiasi kwamba ukipiga hesabu unapata volti milioni 30 hivi kwa kila mita. Hewa kavu hutoa cheche ikifika milioni 3. Mimi hesabu hii hainiishi kunishangaza. Sianidi ya muhogo mchungu inaua kwa sababu inaziba hatua ya mwisho, pale elektroni zinapokabidhiwa kwa oksijeni, ndiyo maana bibi zetu hawakubali ulike kabla haujalowekwa na kuanikwa.

Hakuna sehemu yoyote katika hayo ambapo sumaku ya kwenye kifundo cha mkono inaongeza kitu. Mleta mada, uchovu wa wiki nyingi una sababu zinazopimika: upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, figo, moyo wenyewe, au usingizi usiotosha. Nenda kapime wingi wa damu, sukari na presha kwanza. Kama pamoja na uchovu unazimia au moyo unaruka mapigo, omba na ECG.

Kwa aliyeuliza kuhusu baba yake kuwekewa betri ya moyo: nayo haichaji mwili. Inatoa amri ndogo pale kifundo cha asili kinapochelewa, na kazi ya kudunda inabaki ya misuli yake. Hapa mjini upasuaji huo unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Simu aitumie, ila asiiweke mfuko wa shati upande wa kifaa, iwe mbali nacho angalau sentimita 15, na aongelee sikio la upande wa pili. Akienda kupimwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa, atangulize kadi ya kifaa chake. Na hiyo bangili ya sumaku asivae hata kwa kuijaribu, kwa sababu sumaku ikikaribia kifaa inaweza kukibadilishia utendaji.