Ukitumia warfarini, chunga sana duka la dawa la mtaani

Mdogo wangu anaishi na valvu ya chuma moyoni, na kwa sababu hiyo anameza warfarini kila jioni, damu isije ikaganda kwenye ile valvu. Mimi ndiye ninayemsindikiza kliniki. Majirani wakitushauri, wengi huanza na mboga: asile mchicha, asile kisamvu. Ni kweli mboga za majani zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa, lakini si lazima kuziacha. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, basi. Aliyezoea matembele kila siku akiyaacha ghafla, INR yake, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inaweza kupanda.

Hofu yangu mimi iko dukani. Umeharisha, unapewa Flagyl. Una UTI, unapewa Septrin. Zote mbili huongeza sana nguvu ya warfarini, na ndani ya siku chache tu mtu anaweza kuanza kutoka damu. Flukonazoli ya fangasi ni hivyohivyo. Diklofenaki na ibuprofeni huchubua tumbo, na kidonda cha tumbo kwa mtu wa warfarini si mchezo. Aspirini pia, isipokuwa daktari wake ameiandika mwenyewe. Mdogo wangu akiumwa kichwa hutumia Panadol, tena kwa siku chache. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huipunguza nguvu warfarini, na valvu inaweza kuziba.

Halafu kuna sindano. Siku moja alikwenda zahanati na maumivu ya mgongo, nesi akawa ameshavuta diklofenaki kwenye bomba. Mdogo wangu akatoa kadi anayoiweka nyuma ya kava la simu: jina la dawa, dozi, INR ya mwisho, namba ya kliniki. Nesi aliisoma, akairudisha sindano kwenye trei. Sindano ya msuli inaweza kumvujisha damu mgonjwa kama huyu ndani kwa ndani, mpaka nyama ivimbe. Tafadhali, andika kadi yako leo.

Usilinganishe dozi na mwenzako kwenye foleni. Mdogo wangu amepangiwa INR ya 2.5 hadi 3.5, mwenye damu iliyoganda mguuni kwa kawaida hupangiwa 2 hadi 3. Ukisahau kidonge, kimeze siku hiyohiyo ukikumbuka. Ukikumbuka kesho yake, usimeze viwili. Andika kwenye daftari, uwaambie kliniki.

Dada zangu, ongeeni na daktari kabla ya kubeba mimba. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, lakini kuiacha kienyeji kunaweza kukuua wewe.

Mdomo ukipinda, pumzi ikibana, choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa mwekundu au damu ya pua isipokatika, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukianguka ukagonga kichwa, nenda hata kama husikii maumivu yoyote, na neno la kwanza utakalomwambia daktari liwe warfarini.