Muulize Mzee wa Chaki: Bingwa wa stegi anaweza kuishi kwa snuka?

*Mzee, salamu. Nina miaka 22, nauza viatu vya mtumba Gikomba. Jioni nacheza pool karibu na stegi yetu Kayole na hakuna anayenisumbua. Kuna siku narudi nyumbani na Sh800 za dau. Juzi nimemwona Ronnie O'Sullivan kwenye simu akicheza snuka nikasema huyu namweza. Nifanyeje niwe mchezaji wa kulipwa? Niache viatu?*
— Kijana wa Kayole

Salamu zimefika, kijana wangu. Viatu usiviache. Nimelitanguliza hilo ili hata ukichoka kusoma uwe umeondoka na jibu.

Nilikuwa maka kwa miaka 27 katika klabu moja ya hapa Nairobi. Maka ndiye anayepanga mipira, kuhesabu pointi na kulala na funguo za chumba. Kila asubuhi nilipiga meza brashi kutoka upande wa kuanzia mchezo hadi upande wa mpira mweusi, mwelekeo mmoja tu, maana kitambaa kile cha sufu kina vinyweleo vyake kama manyoya ya paka: ukikipapasa kinyume vinasimama. Baada ya brashi, pasi ya moto kiasi, mwelekeo ule ule. Julai, Nairobi ikishikwa na baridi na manyunyu, kitambaa kilinyonya unyevu hadi mpira ukawa kama unasukumwa juu ya ugali. Meza yako ya stegi imemwagikiwa soda mara ngapi, na bado unashinda? Ya snuka inakuadhibu kwa chembe ya chaki.

Tena ni ndefu, futi 12 kwa 6, wakati ya mtaani ni kama futi 7. Ina mipira 22: myekundu 15, ya rangi nyingine 6, na mweupe unaoupiga kwa fimbo. Unatumbukiza mwekundu, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena, kwa hiyo kutumbukiza ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni mweupe utasimama wapi. Wanaotazama simu hufuata mpira unaoingia shimoni. Wewe ukimtazama O'Sullivan tena, ufuate mweupe.

Siku moja mwanachama alituletea bingwa wa pool kutoka Eastlands, kijana mwenye mkono kweli kweli. Mwekundu wa kwanza akaupiga kwa nguvu zote kutoka mbali. Mpira ukagonga taya moja ya shimo, ukagonga ya pili, ukarudi katikati ya meza. Alicheka. Wa tatu ulipofanya vile vile hakucheka. Fremu, yaani mchezo mmoja, iliisha akiwa na pointi 9, akanisogelea na kuninong'oneza, "Mzee, hizi shimo mmeziba?" Hatukuwa tumeziba. Kingo za mashimo ya snuka zimeviringwa, na mpira unaokuja kwa fujo na pembe mbaya hutemwa. Pool ya mtaani inasamehe nguvu, ndiyo maana inawaharibu vijana wazuri.

Sasa maisha yenyewe. Stephen Hendry wa Scotland aliingia kwa wanaolipwa mwaka 1985 akiwa na miaka 16, akawa bingwa wa dunia 1990 akiwa na 21. O'Sullivan naye alianza na 16, na taji lake la 7 la dunia alilitwaa 2022 akiwa na miaka 46. Mwaka 2025 Mark Williams alifika fainali ya dunia akiwa na 50! Kwa hiyo umri wako haunitishi sana. Kinachonitisha ni hii: kwa wiki unacheza saa ngapi peke yako, bila dau, bila mtu wa kukushangilia? Wao walikulia kwenye kazi hiyo.

Halafu kuna kadi, yaani ruhusa ya kucheza mashindano ya wanaolipwa. Wanaolipwa ni kama 128 dunia nzima. Kadi huwa ya miaka 2, na usipokuwa miongoni mwa 64 bora muda wake ukiisha, unarudi kwenye mchujo. Mashindano mengi yako Uingereza na Uchina, nauli na hoteli ni juu yako. Mtu anaweza kupanda ndege saa kumi, akapoteza mechi ya kwanza na kugeuza siku hiyo hiyo. Wachezaji wa Misri na Moroko wamewahi kuipata kadi hiyo, basi mlango wa Afrika upo, lakini ni mwembamba.

Na hizo Sh800 zako zinaniwasha. Mwaka 2023 wachezaji 10 wa Uchina walifungiwa kwa mambo ya upangaji matokeo, wawili wao maisha. Zhao Xintong alipata miezi 20: hakuuza mechi zake, ila alibeti na akahusika katika mechi za mwenzake. Alirudi bila kadi, akaanzia kwenye mchujo, akatwaa ubingwa wa dunia 2025 na pauni 500,000. Watu wanaikumbuka hiyo hundi. Mimi nakumbuka miezi 20.

Ukitaka kujipima, tafuta mwanachama akuingize klabu yenye meza ya snuka. Panga myekundu yote kwenye mstari katikati ya meza, jaribu kuisafisha ukibadilishana na mweusi. Ukifika pointi 40 bila kukosa, niandikie tena.

*Mwanangu wa miaka 13 ameupenda mchezo huu. Majirani wanasema ni wa baa.*
— Mama wa Umoja

Mama, uliza chumba kinafungwa saa ngapi na nani ana funguo. Kikiwa safi, mwache. Katika snuka mchezaji akigusa mpira kwa mkono wa shati hujitaja mwenyewe kwa refa. Sijui baa ambayo hilo hufanyika.

*Mzee, 147 inatoka wapi, na wewe umewahi kufika ngapi?*
— Msomaji, South B

Hiyo ndiyo alama ya juu kabisa ya zamu moja kwa kawaida. Myekundu 15 ya pointi 1, kila mmoja ukifuatwa na mweusi wa pointi 7, ni 120. Rangi 6 za mwisho ni 27. Mimi? Maka hakuruhusiwa kushika fimbo, na niliwahi kukatwa mshahara wa wiki kwa kushika. Nilicheza usiku, taa moja tu ikiwaka. Nimefika 54. Shahidi alikuwa askari wa lango, naye alikuwa amesinzia.